Mfalme na katiba yake: kisa cha jirani zetu Burundi

Wadau, juzi kijiweni hapa Ujiji tulibishana kuhusu wafalme. Mzee mmoja akasema, "Mfalme ni mfalme tu, awe na katiba asiwe nayo." Vijana tukacheka. Nimerudi nyumbani nikafikiria, naona yule mzee hakukosea sana. Ngoja nifafanue.

Kuna ufalme wa aina mbili. Wa kwanza ni ule ambao mfalme hana wa kumuuliza. Louis XIV wa Ufaransa, aliyefariki 1715, alitawala hivyo. Akitaka vita, vita. Akitaka kodi, kodi. Ufaransa walikuwa na baraza la wawakilishi, lakini baada ya kuitwa 1614 halikuitwa tena mpaka 1789. Miaka 175!

Wa pili ni ufalme wa kikatiba. Uingereza walifika huko kwa damu. Charles I aligombana na Bunge, vita ikapigwa, akakatwa kichwa 1649. James II naye akatimuliwa 1688. Mwaka uliofuata ikaandikwa sheria: mfalme hatozi kodi, wala haweki jeshi wakati wa amani, mpaka Bunge likubali. Mmeona ujanja wake? Wamemwachia taji, wamechukua pesa na bunduki.

Haya, turudi kwetu. Buha tulikuwa na Bami wetu, ila Tanganyika nzima uchifu ulifutwa kisheria mwaka 1963. Majirani ndo walibaki na mfalme. Panda boti hapa Kigoma uelekee kaskazini, ukishapita Kagunga umeingia Burundi.

Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962, ikiwa na Mwami Mwambutsa IV, Bunge, na katiba iliyofuata mfano wa Ubelgiji. Kwenye karatasi, ufalme wa kikatiba kabisa. Tayari palikuwa na pengo: mtoto wake, Louis Rwagasore, ambaye chama chake cha UPRONA kilishinda uchaguzi wa Septemba 1961, alipigwa risasi akafa Oktoba 13 mwaka huohuo.

Mtihani wenyewe ulikuja 1965. Januari waziri mkuu Pierre Ngendandumwe akauawa. Mei watu wakapiga kura, na kati ya viti 33, Wahutu wakapata 23. Walio wengi wakategemea waziri mkuu atoke kwao. Mwami akamteua Léopold Biha, mtu wake wa karibu wa ikulu. Yaani watu wamepiga kura, halafu mfalme anaamua kana kwamba hawajapiga!

Oktoba baadhi ya askari wakajaribu kupindua. Wakashindwa, viongozi wengi wa Kihutu wakanyongwa au kupigwa risasi, na Mwami akakimbilia Ulaya. Julai 1966 mwanaye akamwondoa, akatawazwa Septemba kwa jina la Ntare V. Hakumaliza hata miezi mitatu. Tarehe 28 Novemba, akiwa ziarani Kinshasa, waziri mkuu wake Kapteni Michel Micombero akatangaza jamhuri. Jeshi likabaki na kila kitu.

Sisemi kwamba Mwami angeheshimu kura basi mauaji ya 1972 yasingetokea. Hilo hakuna anayejua. Ninachosema ni kwamba alipolidharau Bunge alijimaliza mwenyewe. Bunge ndilo lingekuwa ngao yake, na siku wanajeshi walipokuja hapakuwa na wa kumtetea. Matokeo ya machafuko yale sisi watu wa Kigoma hatuhitaji kusoma vitabuni. Waliovuka mpaka 1972 tumeishi nao, tumesoma nao.

Kwa hiyo mzee wa kijiweni ana hoja. Katiba haipimwi siku ya kusainiwa. Inapimwa siku mkubwa anaposhindwa kwenye kura: anakubali, au anatafuta njia ya pembeni? Na hapo hata marais wamo, si wafalme peke yao.

Nyie mnaonaje? Karibuni tubishane, matusi hapana.