Poda Si Poda Tu: Tusome Kopo

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, na nyumbani kwetu ni karibu na soko la Gakoromone, mjini Meru, ambako mama huuza mboga. Mwaka huu tulijaliwa mtoto mchanga. Kila akishaogeshwa, nyanya alimmwagia poda shingoni mpaka chumba kinajaa vumbi jeupe. Siku moja mtoto alikohoa hadi sote tukaogopa. Nikajiuliza, kwani hii poda ni nini hasa?

Jumamosi iliyofuata nilipita madukani nikanunua makopo mawili madogo. Kwa macho, poda zenyewe zilifanana kama mapacha: nyeupe, laini, zinanukia. Lakini maandishi madogo nyuma ya kopo yalitofautiana. La kwanza lilitaja talki na manukato. La pili lilianza na Zea mays. Hapo somo la baiolojia likanifaa, maana hilo ni jina la kisayansi la mahindi! Tena, kwa kawaida kitu kinachotajwa kwanza ndicho kilichotiwa kwa wingi zaidi.

Talki ni jiwe linalochimbwa ardhini, laini sana hata ukucha hulikwaruza. Limeundwa kwa magnesiamu, silikoni, oksijeni na haidrojeni. Wanga nao hutoka kwa mahindi yaleyale ya ugali. Poda nyingine huongezwa zinki oksaidi, ambayo hukinga ngozi iliyochubuka kwa nepi.

Mwalimu wa kemia aliniruhusu nizipime maabarani. Nilidondosha ayodini kwa kila poda. Ile ya mahindi iligeuka rangi ya samawati iliyokolea, karibu nyeusi. Ya talki haikuonyesha badiliko hilo. Ayodini ilibaki na hudhurungi yake. Basi kopo halikunidanganya.

Je, ipi bora? Talki wakati mwingine hupatikana ardhini pamoja na asbesto, madini yanayosababisha saratani. Mwezi wa Julai 2024, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka talki katika kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani kwa binadamu. Kampuni ya Johnson & Johnson iliacha kuuza poda ya watoto yenye talki Marekani na Kanada mwaka 2020, na kote duniani mwaka 2023, ikabaki na ya wanga wa mahindi, ingawa yenyewe inashikilia kuwa talki yake ni salama. Lakini msidhani wanga hauna neno: vumbi ni vumbi, na mapafu ya mtoto ni madogo. Madaktari wengi wa watoto hushauri poda isitumiwe kabisa kwa watoto wachanga.

Nilipomweleza nyanya, alicheka. "Mjukuu wangu, baba yako nilimpaka poda na si huyo amekua?" Sikubishana naye. Nilimwonyesha tu lile vumbi likielea kwenye mwanga wa dirisha, juu ya pua ya mtoto. Alinyamaza. Siku hizi humpangusa kwa kitambaa kikavu, basi.

Wahenga walinena: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ndugu msomaji, kabla hujajipaka, geuza kopo usome!