Kifafa Katika Nyumba Isiyokula Nguruwe

Kiangazi kimoja tulikuwa tukitembelea wagonjwa wa kanisa letu katika kijiji kimoja wilayani Kongwa. Tulimkuta mama mwenye binti wa miaka 13 aliyekuwa akianguka kifafa tangu mwaka uliotangulia. Majirani walisema ni mapepo, shangazi alisema amerogwa, na shuleni alikuwa haendi tena. Hospitali walimpiga picha ya kichwa, wakasema ubongoni mna vifuko vya tegu wa nguruwe. Mama yule aliniuliza kwa uchungu: "Nesi, kwangu nguruwe haliwi wala hafugwi. Mwanangu amempata wapi mdudu huyu?"

Familia ile imeniruhusu nisimulie habari zao, ili mama mwingine asiteseke na swali hilo hilo.

Njia mbili tofauti

Wengi hudhani kwamba nyama ya nguruwe ndiyo inayoleta kifafa. Sivyo hasa. Mtu akila nyama yenye vifuko, tena isiyoiva vizuri, hupata tegu mkubwa tumboni. Tegu huyo hukaa utumboni mwake kwa miaka, akifikia mita mbili hadi nne na hata zaidi. Mara nyingi mtu haumwi, ila huona chooni vipande vyeupe bapa. Hizo ni pingili za tegu, na kila moja hubeba maelfu ya mayai.

Nguruwe anayezurura akila kinyesi cha mtu huyo, humeza mayai. Mayai huanguliwa, na watoto wa tegu hupita katika damu hadi kwenye misuli, wakawa vifuko vidogo vyenye maji. Lakini yai halichagui. Likimezwa na mtu, kwa mikono michafu, mboga isiyooshwa au maji machafu, vifuko hivyo hivyo huota mwilini mwake, hata machoni na ubongoni. Vya ubongoni huweza kukaa kimya miaka mingi, kisha vikaleta kifafa au maumivu makali ya kichwa.

Basi tukumbuke hivi: nyama mbichi huleta tegu wa tumboni, bali kinyesi cha mwanadamu ndicho kinacholeta vifuko vya kichwani. Kwa sababu hiyo Mwislamu, Msabato na mtoto mchanga asiyejua ladha ya nyama wote waweza kuugua.

Jambo hili si geni kwetu. Utafiti uliofanywa Kongwa na kuchapishwa mwaka 2019 ulikuta dalili za tegu katika damu ya nguruwe wa huko. Kwa majirani zetu wa Mbulu, utafiti wa Hospitali ya Kilutheri Haydom uliochapishwa mwaka 2009 ulipima wagonjwa wa kifafa 212. Takribani 18 kati ya kila 100 walikuwa na alama za vifuko hivi kichwani.

Nani alimwambukiza mwenzake?

Tumezoea kumlaumu nguruwe. Mwaka 2001 wanasayansi wakiongozwa na Eric Hoberg wa Marekani walilinganisha koo za tegu mbalimbali. Waliona kwamba jamaa wa karibu wa tegu wetu hukaa katika fisi na simba wa Afrika, na kwamba yaelekea mwanadamu alikuwa na tegu kabla hajaanza kufuga. Kumbe nguruwe alimpata kutoka kwetu!

Mwaka 2013 chembechembe zote za urithi za tegu wa nguruwe zilikuwa zimesomwa na kuchapishwa. Ilionekana kwamba amepoteza hata jeni za kujitengenezea mafuta, naye hana mdomo wala utumbo. Hujipatia yote kwa mwenye nyumba. Na nyumba pekee ya tegu mkubwa ni utumbo wa mwanadamu. Tukimfungia mlango huo, ukoo wake umekwisha.

Tufanye nini?

Kwanza, choo. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 23, Waisraeli waliagizwa kuchimba na kufukia kinyesi chao nje ya kambi. Kila nyumba iwe na choo chenye mlango, ambacho nguruwe hawezi kuingia.

Pili, mikono. Sisi hula ugali na mlenda kwa mkono, tena sahani moja. Najua shida ya maji ya kwetu, lakini kibuyu chirizi chenye sabuni kando ya choo hutumia maji kidogo tu.

Tatu, nguruwe afungiwe bandani, hata baada ya mavuno. Nyama ipimwe na mkaguzi, ikatwe vipande vidogo, iive hadi ndani isibaki wekundu. Ipo pia chanjo ya nguruwe iliyotokana na jeni ya tegu mwenyewe. Ilijaribiwa Mbeya na Mbozi pamoja na dawa ya minyoo, na nguruwe wenye vifuko wakapungua sana. Muulize afisa mifugo.

Nne, ukiona pingili chooni, nenda zahanati bila aibu. Usijinunulie dawa ya tegu dukani, kwani mwenye vifuko kichwani yaweza kumwangusha kifafa.

Nyumba ile tuliwapima wote. Baba ndiye aliyekuwa na tegu. Alikuwa akila nyama choma ya nguruwe mnadani, na pingili alikuwa ameziona muda mrefu, akanyamaza kwa aibu. Alilia. Hakuna awezaye kuapa kwamba yai lilitoka kwake, lakini mkewe alikaa kimya kidogo, kisha akamwambia, "Baba Neema, kesho tuchimbe choo." Nao walichimba.

Binti anameza dawa za kifafa kila siku, na amerudi shule. Tunamwombea, tena tunahakikisha dawa haikatiki. Mama, maombi na dawa havigombani. Leo jioni, kabla ya kuita watoto kula, tazama: kibuyu chako kina maji?