Namba ya Mtawa Mersenne

Namba 15 yagawanyika, kwa maana ni 3 mara 5. Lakini 7 haigawanyiki kwa namba yo yote ila 1 na yenyewe. Namba ya namna hii huitwa namba tasa. Kuitambua iliyo ndogo ni rahisi; iliyo kubwa humtoa mtu jasho.

Tangu zamani wenye elimu ya hesabu walizitafuta hivi: walizidisha 2 kwa 2, tena kwa 2, kisha wakatoa 1. Mbili tatu zikizidishwa pamoja ni 8. Toa 1, yabaki 7, namba tasa. Mbili tano ni 32. Toa 1, yabaki 31, nayo ni tasa. Lakini mbili kumi na moja ni 2,048. Toa 1, yabaki 2,047, nayo si tasa, kwani ni 23 mara 89.

Mwaka 1644 mtawa wa Ufaransa, jina lake Marin Mersenne, alitoa kitabu, akataja humo namba alizoziona kuwa tasa. Mojawapo ilikuwa ile ya mbili 67, ndiyo hii:

147,573,952,589,676,412,927

Mersenne alikuwa mtu mwenye sifa kubwa, na namba yenyewe ina tarakimu 21. Basi neno lake likakaa miaka zaidi ya 230. Hata mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, akaonyesha kwamba si tasa. Ajabu ni kwamba hakuweza kusema yagawanyika kwa namba gani. Alikuwa kama mtu aliyetikisa sanduku akajua lina kitu, wala ufunguo hana.

Ufunguo ulipatikana Marekani. Mwezi wa Oktoba 1903, katika mkutano wa wanahesabu, mwalimu Frank Nelson Cole alisimama ubaoni. Yasimuliwa kwamba hakusema neno. Upande mmoja aliandika namba ya Mersenne. Upande wa pili akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287, mstari kwa mstari. Majibu yakawa sawasawa. Akarudi kuketi, na watu wakampigia makofi. Alipoulizwa baadaye kazi ile ilimchukua muda gani, wasema alijibu: Jumapili za miaka mitatu.

Iko kanuni ipunguzayo kazi: namba tasa yo yote iigawanyayo namba hii, ikigawanywa kwa 67, hubakiza 1. (Vivyo hivyo 23 na 89, zikigawanywa kwa 11, hubakiza 1.) Hata hivyo, kabla ya kuifikia 193,707,721 zipo namba milioni 2 na zaidi zibakizazo 1, na nusu yake si shufwa. Siku hizi kompyuta huzipitia zote kufumba na kufumbua. Cole alikuwa na kalamu.

Mwanafunzi mwenye karatasi pana aweza kuzidisha namba zile mbili mwenyewe. Mistari ni minane tu, kwa sababu tarakimu moja ya namba ile ndogo ni sifuri.