Ini Hujijenga Upya, Lakini Lina Kikomo

Katika vikundi tunavyotembelea huku Mbeere na Tharaka tunaulizwa mara nyingi: ini likiharibika, linaweza kupona? Wengine wameshauziwa unga wa kuchanganya na maji, eti una "seli shina", na bei yake ni ya mbuzi mzima.

Basi tuelezane. Panya akikatwa theluthi mbili za ini lake, kwa muda wa siku kama kumi hivi linakaribia kurudia ukubwa wake. Kazi hiyo hasa hufanywa na seli za kawaida za ini: zilizobaki hujigawa, moja inakuwa mbili. Seli shina ni seli changa ambazo bado hazijapewa kazi maalum. Ndani ya ini, karibu na vijifereji vya nyongo, kuna seli zinazofanana nazo. Hizo ni kama akiba ya kikundi, huguswa wakati zile za kawaida zimeumia sana hata haziwezi kujigawa. Wataalamu wangali wanazichunguza. Dawa ya kumeza ya kuziamsha, iliyothibitishwa kuponya ini, haipo. Afadhali mbuzi wako abaki zizini.

Ini linaloumizwa kila mara, kwa pombe, kwa homa ya ini au kwa sumu, hujaa makovu magumu, na hapo kujijenga kunashindikana. Sumu iliyo karibu nasi zaidi ni sumu kuvu ya mahindi yenye ukungu. Mwaka wa 2004, kwa majirani zetu wa Kitui, Makueni na wilaya za karibu, wagonjwa 317 walihesabiwa, na 125 kati yao walikufa. Mahindi mengi yalikuwa ya shamba lao wenyewe, yamewekwa yakiwa na unyevu. Sumu ikiingia kwa wingi namna hiyo, ini halipati hata muda wa kujigawa. Ikiingia kidogo kidogo kwa miaka, huleta kansa.

Kuchemsha githeri hakuiondoi. Wala msimpe ng'ombe yale mabovu, maana sumu hupita kwenye maziwa. Mtu akigeuka macho kuwa manjano, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kabla ya kuweka mahindi ghalani, chukueni chupa ya kioo iliyokauka, tieni konzi ya mahindi na chumvi kavu kidogo, mtikise, kisha muiache dakika kumi na tano. Chumvi ikishika kwenye chupa, yarudisheni juani, juu ya turubai, si juu ya udongo.