Bafu Litapumuaje Kama Dari Haifikiki?

Chukua nyumba ya bati kule Baray, bonde la Ziwa Eyasi, yenye paa la mteremko mdogo. Dari ikishapigiliwa, fundi hawezi kupenya juu yake. Sasa feni ya kutolea hewa bafuni utaifunga wapi? Jibu fupi: achana na dari, toboa ukuta wa nje.

Kwanza tuone tunapambana na nini. Hewa ya nyuzi 25 iliyoshiba mvuke hubeba takribani gramu 23 za maji kwa kila mita ya ujazo. Ikipoa hadi nyuzi 15, inabaki na gramu 13 tu. Bafu la mita 1.5 kwa 2, lenye kimo cha mita 2.5, lina mita za ujazo 7.5. Kwa hiyo hewa hiyo ikipoa inaacha maji gramu 75 hivi, karibu theluthi ya kikombe. Ndiyo maana usiitolee hewa ya bafu ndani ya dari: usiku bati hupoa, mvuke unageuka matone, mbao zinaoza. Ukibaki bafuni nao, fangasi inaota ukutani, na mwenye pumu ndiye anayeumia zaidi.

Toboa tundu la inchi 4 karibu na dari, kwa sababu hewa ya moto yenye mvuke ni nyepesi, hupanda juu. Bomba liinamie nje kidogo, mvua isirudi ndani, na mdomoni weka wavu wa mbu. Feni ndogo inayotoa mita za ujazo 90 kwa saa husukuma hewa sawa na ujazo wa bafu hili kwa dakika 5. Iache izunguke dakika 15 hadi 20 baada ya kuoga, maana hewa mpya huchanganyika na ya zamani. Nyaya mwachie fundi umeme. Maji na umeme havina utani.

Ila feni haitoi hewa kama hakuna inayoingia. Acha upenyo wa sentimita 1 chini ya mlango. Kwa mlango wa sentimita 75, eneo lake linakaribia mdomo wa bomba lako.

Huna umeme? Jenga matofali ya matundu juu ya ukuta mmoja, na tundu jingine chini ya ukuta wa pili. Upepo na joto vitafanya kazi hiyo, polepole lakini bure.