Kiungulia, Vidonda vya Tumbo na Chakula Kinachokwama

Mgonjwa wa Njoro au wa Marangu akiulizwa kliniki anasumbuliwa na nini, mara nyingi hujibu: "Daktari, nina vidonda vya tumbo." Jina hilo limekuwa kapu la kila maumivu yaliyo juu ya kitovu. Lakini akiombwa aoneshe mahali panapouma, wengi hupitisha kiganja kutoka chembe cha moyo hadi kooni. Hicho ni kiungulia, na tiba yake si sawa kwa kila jambo na ya vidonda, ingawa baadhi ya dawa hutumika kwa yote mawili.

Mwisho wa umio, pale unapoingia tumboni, pana msuli wa mviringo unaofunguka kupitisha tonge kisha kujifunga. Tumbo lina utando mzito unaolikinga na tindikali yake lenyewe. Umio hauna kinga ya kiasi hicho. Msuli ukilegea, tindikali hupanda na kuunguza. Unene, sigara, pombe na mlo mzito wa usiku huchangia. Mjamzito asiogope: homoni hulegeza msuli, mtoto naye husukuma tumbo juu, na kwa kawaida hali hiyo huisha akijifungua.

Sina imani na orodha ndefu za vyakula vilivyopigwa marufuku. Kila mtu achunguze kinachomwasha, amwachie jirani ndizi zake. Lenye uzito zaidi ni saa: mlo wa mwisho uwe saa tatu kabla ya kulala. Miguu ya kitanda upande wa kichwa iinuliwe kwa tofali, kwa kuwa mito mingi hukunja tumbo tu. Kulala ubavu wa kushoto husaidia. Kulamba magadi hutuliza kwa muda, lakini huzalisha gesi na kuongeza chumvi mwilini, jambo baya kwa mwenye shinikizo la damu. Omeprazoli humezwa nusu saa kabla ya kifungua kinywa, kila siku kwa muda ulioelekezwa. Anayeimeza usiku moto ukishawaka hapati faida yake yote.

Maumivu ya kifua yanayoambatana na jasho, kukosa pumzi, au yanayosambaa hadi taya au mkono, yahesabiwe kuwa ya moyo mpaka vipimo vikanushe.

Swali ambalo mhudumu wa zahanati na muuza duka la dawa muhimu hawapaswi kulisahau ni hili: je, chakula kinakwama? Kwetu Kilimanjaro dalili hii hujificha vizuri. Mgonjwa huacha nyama, kisha ugali, akahamia kwenye mtori, na nyumbani hakuna anayeshtuka, maana mtori ni chakula cha heshima. Baadaye hubaki uji, halafu maji. Wakati huo huwa amekwisha kununua dawa za tindikali kwa miezi, na uvimbe umekwisha kuziba sehemu kubwa ya njia.

Saratani ya umio imeenea katika ukanda unaoanzia Ethiopia, ukapitia Kenya na Tanzania, hadi Malawi na kusini zaidi. Kiungulia cha miaka mingi huchangia aina moja ya saratani hiyo, inayoonekana zaidi Ulaya na Marekani. Iliyo nyingi kwetu ni aina nyingine, inayohusishwa na tumbaku, pombe na huenda vinywaji vya moto mno. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vinywaji vinavyozidi nyuzi joto 65 katika kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani. Chai yetu ya asubuhi, ikinywewa inapotoka jikoni, huvuka kiwango hicho kwa urahisi. Dakika chache za kuisubiri ipoe hazina gharama.

Basi mwenye kiungulia asijihukumu. Lakini anayekwamwa na chakula, anayekonda bila sababu, anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami, asiongezewe vidonge: apelekwe hospitali yenye kipimo cha kamera ya kuangalia umio. Na anayeandika rufaa aandike waziwazi "chakula kinakwama", pamoja na tarehe kilipoanza kukwama. Karatasi iliyoandikwa "vidonda vya tumbo" humfanya mgonjwa huyo apangiwe foleni ya watu wanaoweza kusubiri.