Kipandauso na Sigara: Kwa Nini Kichwa cha Mvutaji Huuma Anapoacha

Kabla jua halijachomoza, katika machimbo madogo ya dhahabu ya Nyarugusu, Rwamagasa na Mgusu mkoani Geita, wachimbaji hukusanyika kandokando ya maduara yao wakingojea zamu. Baadhi yao hunywa chai ya rangi au kahawa. Wengine huwasha sigara waliyonunua moja moja dukani. Si ajabu kumkuta miongoni mwao mtu wa makamo, aliyevuta sigara kwa miaka ishirini au zaidi, akiwa ameshika upande mmoja wa kichwa na kufumba jicho. Akiulizwa, atasema kwamba sigara ndiyo dawa yake: akikosa kuvuta, kichwa humpasuka, akivuta, hupata nafuu. Tena atasema kwamba amekwisha kujaribu kuacha mara mbili au tatu, na kila mara maumivu yalimlaza chini siku ya pili, hata akairudia sigara.

Maelezo ya mtu huyo si uongo wala si visingizio. Jambo analolihisi ni la kweli. Kosa limo katika tafsiri yake. Katika makala haya itaelezwa jinsi sigara inavyoweza kutuliza maumivu ambayo yenyewe imeshiriki kuyaleta, na jinsi mtu mwenye kipandauso anavyoweza kuiacha bila kushindwa katika siku za mwanzo.

Kipandauso ni nini?

Watu wengi huita kila maumivu makali ya kichwa kipandauso. Kwa lugha ya tiba, kipandauso ni ugonjwa wa ubongo wenye tabia zake. Maumivu huja kwa vipindi, na kila kipindi, kisipotibiwa, huweza kudumu kwa muda wa saa 4 hadi 72. Mara nyingi huuma upande mmoja, kwa mdundo unaofuatana na mapigo ya moyo, na huzidi mtu anapotembea au kuinua mzigo. Mgonjwa huona kichefuchefu, na huchukizwa na mwanga na kelele. Harufu kali, ukiwamo moshi wa sigara, huweza kuamsha maumivu au kuyazidisha.

Baadhi ya wagonjwa hupata kwanza ishara tangulizi: vimulimuli, mistari ya pembepembe inayometameta, au doa lisiloona ambalo hupanuka polepole mbele ya macho. Mwaka 1941 mwanasaikolojia wa Marekani, Karl Lashley, alichora doa la namna hiyo lililomtokea yeye mwenyewe. Kwa kupima jinsi lilivyopanuka, alikadiria kwamba kuna jambo linalosafiri juu ya ubongo kwa mwendo wa milimita 3 hivi kwa dakika. Mwaka 1944 Aristides Leão wa Brazili alieleza, kutokana na majaribio ya wanyama, wimbi la umeme linaloenea juu ya ubongo kwa mwendo unaokaribiana na huo na kuziacha seli za neva zimenyamaza kwa muda. Leo wanasayansi wanaamini kwamba wimbi hilo ndilo chanzo cha ishara tangulizi. Maumivu yenyewe hutokana na kuamshwa kwa neva kubwa ya uso iitwayo trijemino, ambayo matawi yake huzunguka mishipa ya damu ya utando wa ubongo.

Ugonjwa huu si wa nchi za mbali tu. Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba uliofanywa katika eneo la Haydom, kaskazini mwa Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2010, uliwahoji watu 7,412. Iligunduliwa kwamba watu 316, yaani asilimia 4.3, walikuwa na kipandauso katika mwaka uliotangulia, na wanawake walipatwa karibu mara 3 zaidi ya wanaume.

Hata hivyo, msomaji asisahau kwamba si kila kichwa kinachouma ni kipandauso. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa maumivu ya kichwa yanayofuatana na homa yanadai kwanza kipimo cha malaria. Shinikizo la damu nalo lipimwe.

Kazi ya nikotini mwilini

Mtu anapovuta moshi, nikotini hupita mapafuni, ikaingia katika damu, na kufika ubongoni kwa muda wa sekunde chache tu. Huko hujishikiza kwenye vipokezi vilivyo juu ya seli za neva, na kusababisha seli hizo kumwaga kemikali za kuleta raha na makini. Wakati huohuo moyo huenda mbio na mishipa mingi ya damu hujibana. Kwa mvutaji wa siku nyingi ubongo huongeza idadi ya vipokezi hivyo. Hapo ndipo mazoea yanapogeuka kuwa utegemezi: ubongo umejipanga upya kana kwamba nikotini ni sehemu yake ya kawaida.

Sasa na tupige hesabu. Kiasi cha nikotini katika damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa 2 hivi. Mchimbaji akivuta sigara ya mwisho saa nne usiku na kuamka saa kumi na mbili asubuhi, saa 8 zimepita. Nikotini imegawanywa kwa mbili mara nne, na iliyobaki ni sehemu moja ya kumi na sita tu. Vipokezi vingi vimebaki vitupu navyo vinadai. Dalili za dai hilo ni wasiwasi, hasira za haraka, kushindwa kutulia na, kwa watu wengi, kuumwa kichwa. Akivuta, dai hulipwa na maumivu hupungua. Ni rahisi kwake kusadiki kwamba amekunywa dawa, lakini kwa kweli amelipa deni ambalo sigara ya jana ilimkopesha.

Mwenye kipandauso ana shida ya pili. Ubongo wake hauvumilii mabadiliko ya ghafla: njaa, kukosa usingizi, kiu, hata kupumzika ghafla baada ya kazi nzito, huweza kuamsha maumivu. Kupanda na kushuka kwa nikotini mara kumi au ishirini kwa siku ni mabadiliko ya namna hiyohiyo. Ndiyo maana siku ya pili au ya tatu ya kuacha, wakati dai la vipokezi linapokuwa kali kabisa, maumivu ya kuacha na kipandauso huweza kuja pamoja. Dalili hizi hupungua kwa kadiri siku zinavyopita, na kwa kawaida huisha baada ya wiki 2 hadi 4. Anayejua kwamba maumivu hayo yana mwisho huyavumilia vizuri kuliko yule anayeyadhania kuwa ndiyo maisha yake mapya.

Hewa ya duara na jani la tumbaku

Moshi wa sigara una pia gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Katika damu ya mvutaji, asilimia 3 hadi 8 ya himoglobini, na pengine zaidi, huwa imekwisha kutekwa na gesi hiyo. Mchimbaji wa namna hiyo hushuka duarani akiwa na upungufu wa oksijeni tangu juu. Huko chini, mlipuko wa baruti au pampu ya mafuta iliyowashwa mahali pasipopitisha hewa huongeza gesi ileile, isiyo na rangi wala harufu.

Hapa lipo jambo ambalo linaweza kuokoa maisha. Dalili ya mapema ya sumu ya kaboni monoksaidi ni kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, dalili zinazofanana sana na za kipandauso. Kichwa kikianza kuuma duarani, mtu asikae chini angoje kipoe. Atoke mara moja. Na ikiwa wawili au watatu wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja, hilo si suala la kipandauso: wote watoke, na asirudi mtu mpaka hewa isafishwe.

Vumbi nalo lina sehemu yake. Vipimo vilivyofanywa katika machimbo madogo ya dhahabu nchini Tanzania na kuchapishwa mwaka 2015 vilionyesha kwamba vumbi la silika kwa wachorongaji wa chini ya ardhi lilikuwa wastani wa miligramu 16.85 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, yaani mara 337 ya kiwango cha juu kinachopendekezwa na taasisi ya usalama kazini ya Marekani. Silika huharibu mapafu na kuyafungulia njia vijidudu vya kifua kikuu. Uvutaji wa sigara peke yake huongeza hatari ya kifua kikuu takriban mara 2. Mchimbaji anayevuta ameyabebesha mapafu yake mizigo miwili.

Upande wa Kahama na Ushetu, mkoani Shinyanga, tumbaku ni zao la biashara. Huko hata asiyevuta aweza kuingiwa na nikotini. Mvunaji anaposhika majani mabichi yenye umande au mvua, nikotini huyeyuka katika maji hayo na kupenya ngozi. Baada ya saa chache hupatwa na kichwa kuuma, kizunguzungu na kutapika. Kinga yake ni kuvaa glavu na nguo zisizopitisha maji, kungoja majani yakauke, na kuoga baada ya kazi. Watoto wasitumwe kuvuna.

Hatari mbili zisizoonekana

Hatari ya kwanza ni kiharusi. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba watu wenye kipandauso chenye ishara tangulizi wana hatari ya kiharusi cha kuziba mshipa karibu mara 2 ya watu wengine. Kwa wale wanaovuta sigara hatari huongezeka zaidi, na kwa wanawake wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huzidi tena. Kwa kijana bado hatari hiyo ni ndogo. Lakini mwanamke anayeona vimulimuli kabla ya kichwa kuuma na anayevuta sigara hana budi kumweleza mganga kabla ya kupewa vidonge hivyo.

Hatari ya pili imo katika vidonge vya dukani. Mtu anayemeza dawa za kutuliza maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa miezi mitatu na kuendelea, huweza kupata maumivu ya kichwa yanayoletwa na dawa zenyewe. Kwa dawa zenye ergotamini au mchanganyiko wa dawa kadhaa, siku 10 zatosha. Mvutaji anayejaribu kuacha kwa kumeza vidonge kila siku anaweza kutoka katika mtego mmoja na kuingia katika mwingine.

Namna ya kuacha

Mwenye kipandauso na aanze kwa kuandika. Kwa mwezi mmoja aweke daftari la siku za maumivu, saa yalipoanza, sigara alizovuta, usingizi, chakula na dawa. Daftari hilo litamsaidia mganga kuliko maelezo marefu ya mdomo.

Kisha achague siku ya kuacha ambayo haifuati zamu ya usiku. Katika wiki za mwanzo ale kwa saa zilezile, anywe maji ya kutosha, na alale na kuamka kwa wakati mmoja. Dawa ya maumivu aimeze mapema maumivu yanapoanza, lakini isizidi siku 2 kwa wiki.

Kahawa nayo idhibitiwe. Moshi wa sigara huliharakisha ini katika kuivunja kafeini. Mtu akiacha kuvuta, kafeini hukaa mwilini muda mrefu zaidi, na vikombe vilevile vya zamani humnyima usingizi. Yafaa apunguze vikombe polepole hadi nusu, wala asiviache kwa siku moja, maana kuacha kafeini ghafla nako huleta maumivu ya kichwa.

Zipo pia dawa. Plasta na ubani wa nikotini, ambavyo humshusha mtu kwa ngazi badala ya kumwangusha, vimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009. Kwa kipandauso kinachorudi mara kwa mara, mganga aweza kuagiza dawa ya kinga kama vile propranololi, isiyofaa kwa mwenye pumu, au amitriptilini. Ni vema kinga hiyo ianze wiki kadhaa kabla ya siku ya kuacha, kwa kuwa haifanyi kazi kwa siku moja. Kesi ngumu za kanda hiyo hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Bugando, Mwanza.

Haiwezi kuahidiwa kwamba kila anayeacha sigara atapona kipandauso. Ugonjwa huo una mizizi pia katika urithi. Lililo hakika ni faida nyingine. Madaktari wa kiume 34,439 wa Uingereza walifuatiliwa na Richard Doll na wenzake tangu mwaka 1951. Taarifa ya mwaka 2004 ilionyesha kwamba waliovuta maisha yao yote walipoteza wastani wa miaka 10 ya umri. Walioacha wakiwa na miaka 60 walirudisha miaka 3 hivi, wa miaka 50 miaka 6, wa miaka 40 miaka 9, na wa miaka 30 karibu yote. Mchimbaji wa makamo hajachelewa.

Kazi kwa wanafunzi

1. Mvutaji avuta sigara 10 kwa siku. Je, kwa mwaka anavuta sigara ngapi? Uliza bei ya sigara moja katika duka la jirani, kisha ukadirie fedha anazotumia.

2. Chora mchoro wa kupungua kwa nikotini katika damu kwa saa 12, ukianza na kiasi cha 100. Onyesha saa ambayo kiasi kimeshuka chini ya 10.

3. Katika duara, mtu mmoja anaumwa kichwa. Katika duara lingine wanaumwa wanne. Eleza tofauti ya hatua zinazofuata, na sababu zake.

Wahenga walisema kwamba mazoea yana taabu. Sayansi imeonyesha taabu hiyo iko wapi: katika vipokezi vya ubongo, ambavyo vilizoezwa kwa miaka mingi, na ambavyo, vikipewa wiki chache, huweza kuzoezwa upya.